Siku Diwani Alipofiwa na Bomba

Kwa jumla, jambo lile lilitugharimu jogoo wawili, shuka moja jipya la marekani, ubani wa kutosha msikiti mzima, kiatu kimoja cha diwani cha mguu wa kushoto, na machozi ya watu wengi ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kulia. Mbuzi sijamtaja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mbuzi amebaki nje ya hesabu, kwa sababu hadi leo hajatolewa. Nitamfikia.

Ninyi vijana mnapita hapa kibarazani mnaniamkia, "Shikamoo Mzee Salumu Pembe," nami naitikia marahaba, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hiyo Pembe ni ya nini. Wengine mnadhani ni ukoo. Mmoja nimemsikia akimwambia mwenzake kwamba zamani nilikuwa nawinda tembo. Mimi? Hata panya wa stoo nawaogopa. Pembe ilikuwa jembe langu. Nilikuwa mpiga mbiu wa Kariakoo, miaka ile ya hamsini, kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Diwani akitaka watu wajue kwamba gari la taka halitapita kesho, hakubandika karatasi ukutani. Aliniita, nikapuliza pembe yangu ya ng'ombe, na mtaa mzima ukatoka nje kusikiliza nini kimeharibika.

Msiidharau kazi ile. Kupaza sauti hata mwuza samaki anapaza. Kazi yenyewe ni kujua usimame wapi. Mwalimu wangu, Mzee Mwinshehe, alikuwa amebakiwa na meno ya nyuma tu, na pembe yake ilitoa mlio kama birika linalochemka, lakini habari zake zilifika Gerezani yeye mwenyewe akiwa bado amesimama sokoni. Alinifundisha hivi: "Katikati ya mtaa usisimame, watakukanyaga. Simama penye kona inayotazamwa na baraza tatu. Habari ya maji ipeleke asubuhi kwa wenye ndoo. Habari ya kodi ipeleke jioni, wanaume wakiwa kwenye bao, halafu uwe umevaa viatu vya kukimbilia. Kwa kinyozi usipite. Ukimwambia kinyozi mfereji utazibuliwa, habari ikifika Mnazi Mmoja mfereji umeshammeza mtu na ng'ombe wake."

Akanifundisha pia kuanza na jina. Ukisema "Enyi wananchi," hakuna mwananchi atakayegeuka. Lakini sema, "Bi Hadija wa nyumba ya kona, sikia!" Bi Hadija atasikia, na majirani zake watasikia kuliko yeye.

La mwisho, na ndilo lililoniponza, ama ndilo lililotuokoa, mtaamua wenyewe, lilikuwa hili: "Msiba hauulizwi, Salumu. Maiti haingoji. Ukisikia kilio, uliza mfiwa ni nani na mazishi ni saa ngapi, kisha piga mbiu. Ukianza kuhoji nani kafa na kafa kwa nini, utajibiwa na fimbo." Nikalishika hilo kama alhamdu.

Sasa mjue na bosi wangu. Diwani wetu aliitwa Mzee Kondo, Mzaramo kama mimi, mtu mfupi, mpole, mwenye viatu vya kamba alivyovivaa kwa ajili ya Baraza la Mji peke yake. Vilimbana, na kila aliporudi kutoka mjini alitembea kama mtu anayepita juu ya kaa la moto. Kwenye malipo yangu hakuwa mpole hata kidogo.

"Salumu, leo habari ni fupi. Punguza."

"Ni fupi, Mzee, lakini ni mbaya. Mbaya inachosha taya."

"Wiki iliyopita ilikuwa nzuri, ukatoza vilevile."

"Ilikuwa nzuri lakini hawakuiamini. Nilirudia kila kona."

Tulivutana hivyo kila Ijumaa, kisha tukaenda pamoja kuswali.

Na kila Ijumaa baada ya swala Mzee Kondo aliketi kwenye baraza ya nyumba yake na kutoa taarifa ya hali ya mtaa: taka, taa za barabarani, mifereji, maji yaliyojaa Jangwani, na Bwana Afya aliyekuwa akipita uani kupindua mitungi ya watu kutafuta viluwiluwi. Alikuwa msema kweli, na ndiyo maana taarifa zake zilikuwa hazitofautiani. Kila shauri lilikuwa limepokelewa, au linatazamwa, au liko mezani.

Aliyemtesa ni Bi Nyamizi. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mama mmoja mrefu, mpishi wa uji. Alipika kabla ya alfajiri, akawauzia wachukuzi wa sokoni kwa vikombe vya bati. Mnajua, au basi niwaambie, kwamba sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anachukua kofia yako kichwani unamwachia. Na msibani mtani ndiye wa kwanza kufika: analia kuliko mfiwa, anamwigiza marehemu, anaizuia maiti mpaka apewe chochote. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa na faini unatoa. Kwa hiyo Mzee Kondo akisema tu "liko mezani," Bi Nyamizi alipaza sauti kutoka nyuma:

"Hiyo meza ina miguu mingapi, mtani? Mbona haivunjiki?"

Watu wakacheka. Diwani akacheka. Angefanya nini?

Mwaka ule akapata jambo la kujivunia kweli. Mtaa wetu ukatiwa lami. Mavumbi yakaisha, watoto wakaungua nyayo, na mimi nikatangaza lami ile mpaka koo likakauka. Mzee Kondo alikuwa akitoka jioni kuitembelea. Alitembea peku, taratibu, kama mtu anayepima zulia.

Wiki haikuisha, bomba letu likakauka.

Lilikuwa bomba moja la mtaa mzima, limesimama kwenye kisiki cha saruji mbele ya nyumba aliyopanga Bi Nyamizi. Ukifungua, linakohoa mara moja, basi. Wauza maji wenye mizega wakaanza kupita, madebe mawili begani na bei mpya kila asubuhi. Wenye maduka walinunua. Bi Nyamizi alinunua kidogo akazidisha moto, kisha akanunua kidogo zaidi, na uji wake ukawa unapungua mpaka wachukuzi wakaanza kuhamia kwa mama wa mtaa wa pili. Alikuwa na wajukuu wawili wa kulisha kwa sufuria ile. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya kisiki cha bomba, sufuria imefunikwa kifudifudi pembeni.

"Salumu," akaniambia, bila utani hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha, "mwezi huu ukiisha hivi, narudi Tabora."

Mzee Kondo hakulala usingizi. Kila kikao cha Baraza alisimama akauliza habari za bomba. Aliyehusika alikuwa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Maji. Bwana Maji alijibu kwamba bomba limekwisha kutengenezwa, maana ndivyo alivyoambiwa na watu wake. Mzee Kondo akasema halijatengenezwa. Bwana Maji akasema atakuja kulitazama kesho. Kesho ile ilikuwa ndefu kama reli ya kwenda Kigoma. Kariakoo hakuwahi kukanyaga.

Ijumaa moja, basi, Mzee Kondo akatoa taarifa yake, akafika kwenye maji, akasema, "Liko mezani." Bi Nyamizi hakupiga kelele. Aliondoka kimyakimya. Mtani akinyamaza, mjue kuna kitu anapika.

Jumatano yake mimi nilikuwa Ilala tangu asubuhi, natangaza kwamba mbwa wote wafungwe. Nikarudi adhuhuri. Nilipokata kona ya mtaa wetu nikasikia kilio. Wanawake wamejaa mbele ya nyumba, khanga vichwani, moshi wa ubani umetanda, na katikati yao kuna kitu kimefunikwa shuka jeupe jipya. Bi Nyamizi amejifunga kaniki kiunoni, analia kwa sauti iliyonisimamisha vinyweleo.

Mtasema, "Mzee, hukuona kwamba ni utani?" Nawauliza ninyi, ningeonaje? Mtani kuwa mbele msibani ndiyo dalili kwamba msiba ni wa kweli! Nikamsogelea kwa adabu, nikauliza yale mawili niliyofundishwa.

"Mfiwa nani?"

"Diwani! Ndugu yangu Kondo, uuuwi!"

"Mazishi?"

"Baada ya alasiri, akishafika mwenyewe!"

Sikuuliza zaidi. Nikageuka, nikapuliza.

Nilipiga mbiu ile kama sijawahi kupiga. "Bi Hadija wa nyumba ya kona, sikia! Diwani Kondo amefiwa! Mazishi baada ya alasiri!" Nikapita sokoni, wenye maduka wakashusha milango nusu. Nikavuka Mnazi Mmoja nikitangaza, na ili nisimnyime mfiwa habari yake, nikaenda hadi mjini, upande wa Posta, nikasimama chini ya madirisha ya Baraza la Mji. Tarishi wa mlangoni akasikia, akaingia mbio.

Huko ndani, kama tulivyosimuliwa, Mzee Kondo alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu ya yale maumivu. Tarishi akamnong'oneza. Mzee akasimama, akasema neno moja, "Mama," akaokota kiatu kimoja na kutoka. Kile cha kushoto hakikuonekana tena. Nilikuwa narudi, akanipita Mnazi Mmoja kanzu ameikunja mkononi, anakimbia, kiatu kifuani kama mtoto mchanga. Mama yake alikuwa kikongwe, akiishi Ilala, na Mzee Kondo hakuwa na mwingine.

Nikamfuata. Nilipofika mtaani, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye lami. Mwalimu wa msikiti amekuja na watu wake. Anamwuliza Bi Nyamizi kwa upole, ili ajue namna ya kusimama kwenye swala, "Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

"Hata sisi tunabishana, mwalimu," Bi Nyamizi akajibu huku analia. "Lilikuwa na mdomo wa kike, lakini kwa ukimya lilikuwa dume."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akaanza kulitazama lile shuka kwa jicho jingine.

Hapo ndipo Mzee Kondo alipopenya. Na wa kwanza kukutana naye uso kwa uso, mkongojo mkononi, alikuwa mama yake.

"Mama!"

"Mwanangu! Nani?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi nimeletewa habari huko Ilala kwamba mbiu inasema umefiwa, nikasema nije nijue katika ukoo wangu ameondoka nani!"

Wakakumbatiana, wakalia, kisha wakaacha kulia kwa pamoja, wakageuka. Mtaa mzima ukageuka nao. Wananitazama mimi. Nikaanza kuikagua pembe yangu kama mtu aliyeona ufa.

Bi Nyamizi hakuacha jambo lipoe. "Pole, mtani," akasema. "Kijana wako katutoka. Aliugua muda mrefu, tukaleta habari kwako kila Ijumaa. Ukasema yuko mezani." Akalifunua shuka. Bomba.

Mzee Kondo alifungua kinywa. Alikuwa amekimbia peku kutoka Posta, kiatu kimoja mkononi, akidhani amefiwa na mama, na mishipa ilikuwa imemsimama shingoni. Mama yake akamgonga kwa mkongojo.

"Kondo! Mtani hakasirikiwi. Funga mdomo."

Akafunga. Na kabla hajaufungua tena, ikaingia motokaa.

Wazungu wa Baraza walikuwa wameshauriana kwamba mwenzao kafiwa na haifai asitembelewe. Wakamchagua Bwana Maji, nadhani kwa sababu ndiye aliyekuwa na gari karibu. Akashuka na tai nyeusi, kofia mkononi, na shada la maua kwapani. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja mpaka penye shuka, akainamisha kichwa, akaliweka lile shada juu ya kisiki cha saruji. Kisha akainua macho, akaliona bomba.

"Nani nakufa?" akauliza polepole.

"Mtoto wako, Bwana," akasema Bi Nyamizi.

"Mimi hapana toto Kariakoo!"

Loo! Cheko lililotoka hapo liliamsha kunguru wa soko zima. Mwalimu wa msikiti alishika ukuta. Bwana Maji akawa mwekundu kama pilipili. Akashika koki, akafungua. Ikakohoa, ikanyamaza. Akafungua tena.

"Mimi naambiwa hii kwisha tengeneza," akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya ubishi.

Akataka kurudi garini. Hapa, vijana, msikilize vizuri, maana hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyeinua mkono isipokuwa kumpa pole. Ni mila: aliyefiwa hupewa mkono, na mtu mmoja akianza, wote watampa. Bi Hadija akaanza. "Pole, Bwana." Nyuma yake mwuza kahawa. "Pole, Bwana, ndiyo dunia." Nyuma yake wachukuzi, wauza nazi, mafundi cherehani. Mtu mwenye adabu haondoki katikati ya kupewa pole, naye, nitampa haki yake, alikuwa mtu mwenye adabu. Nilihesabu mstari ule nikakata tamaa, nikahesabu tena. Ulikuwa unazunguka nyumba, na waliokwisha kumpa mkono walikuwa wanapanga upya nyuma. Ulipofika mkono wa mwuza kahawa kwa mara ya pili, Bwana Maji alimwita dereva akamwambia akamlete fundi, upesi.

Fundi alikuja, akagonga hapa, akalaza sikio pale, akatembea katikati ya barabara akasimama.

"Koki kubwa iko hapa chini," akasema. "Waliotia lami waliifunga kwanza ili wafanye kazi, wakasahau, wakaifukia."

Watu wote wakamtazama Mzee Kondo. Ilikuwa lami yake. Kwa miaka yote ile ya kupokelewa na kutazamwa, lilikuwa jambo moja pekee lililotoka mezani likaja mtaani. Bwana Maji naye akamtazama, akamwuliza kama avunje. Nilimwona Mzee Kondo akiitazama ile barabara, kisha akamtazama Bi Nyamizi aliyekwisha kuketi juu ya kisiki chake, na sufuria iliyofunikwa mlangoni. Akakiweka pembeni kile kiatu kimoja kilichobaki, akasimama peku juu ya lami yake.

"Vunjeni," akasema.

Mtaimbo ukaingia. Kila pigo, Mzee alikunja uso kama anapigwa yeye. Kabla ya magharibi, bomba likakohoa mara moja, mara mbili, likatapika maji ya rangi ya chai, kisha yakaja meupe. Shuka likalowa, shada la Wazungu likaelea kwenye mfereji. Ndoo zikatoka wapi sijui.

"Marehemu kafufuka!" akapiga kelele Bi Nyamizi. "Mwenye kutaka ubani wake aje achukue!"

Lakini hakushuka kutoka juu ya kisiki. Mtani hatoki bure. Akadai jogoo wawili papo hapo, na mbuzi wa arobaini. Jogoo wakatoka. Mbuzi, Mzee Kondo akasema ataleta siku ikifika, na akatakiwa mdhamini Mzaramo. Mkono mmoja ukanisukuma mbele. Nasikia ulikuwa wa mama yake diwani.

"Salumu," Mzee Kondo akaniuliza tulipobaki wawili, "nani alikutuma kutangaza?"

"Msiba, Mzee. Na nilichotangaza kilikuwa sahihi. Hukufiwa?"

Hakunilipa. Lakini Ijumaa iliyofuata alitoa taarifa fupi kuliko zote nilizowahi kuzisikia. "Bomba: limefufuka. Barabara: iko mezani." Aliyecheka zaidi alikuwa Bi Nyamizi, na mkononi alikuwa na kikombe cha uji mzito, kijiko kimesimama wima.

Arobaini ilipofika, Mzee Kondo alipoulizwa mbuzi, mnajua alijibu nini. Mtani akacheka. Alimdai hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa raha, mpaka Bi Nyamizi akamzika mtani wake na kuigiza mwendo wake wa viatu vya kubana mbele ya jeneza, watu wakacheka huku wanalia. Kisha naye zamu yake ikafika. Pembe yangu ikaja kunyamazishwa na gari lenye kipaza sauti, gari likanyamazishwa na redio. Leo diwani wenu anatuma habari kwenye simu. Naziona. Nzuri, zina hata picha. Ila simu haijui kona yenye baraza tatu, na hakuna anayeweza kuipigia kelele kutoka nyuma kwamba meza ina miguu mingapi.

Sasa lililonifanya niandike. Leo asubuhi nimetoka uani kunawa, nikakuta mita yangu ya maji imevishwa shuka jeupe jipya. Juu ya kisiki chake ameketi mwanamke mrefu. Ni mmoja wa wale wajukuu wawili, siku hizi naye ana wajukuu.

"Shikamoo, babu," akaniambia. "Pole na msiba. Mdhamini wa mbuzi ni wewe?"

Nikajaribu kuku. Akamtazama kuku, akamhesabu, akamhesabu tena. "Mmoja huyu, babu," akasema, "na hana pembe." Nikajaribu kumwambia jambo linatazamwa. Akaanza kulia kwa sauti. Nikamtambua bibi yake papo hapo.

Basi ninyi mnaosoma, mnaojua bei za mnadani kuliko mimi, nishaurini. Mbuzi aliyeahidiwa miaka ile alikuwa mdogo. Je, nalazimika kumtoa na wajukuu zake? Na yeyote mwenye damu ya Mzee Kondo ajitokeze, atoe walau miguu ya nyuma, kichwa nitatoa mimi. Ila nijibuni kabla ya alasiri. Ubani umeshawashwa, mstari umefika kona, na mwuza kahawa amekwisha kunipa mkono mara mbili.